Farumi ni ya jahazi, roketi toeni uzito mkiani

Juzi usiku mtoto wa dada yangu, anayejenga na kurusha roketi ndogo za karatasi kama mimi, kaniandikia WhatsApp: "Mjomba shikamoo, roketi imepepesuka tena, nimeongeza washa mbili, zile pete za bolti, huku chini karibu na mota ili isimame wima lakini ndo imeharibika kabisa, imetoka kwenye fimbo ya kurushia imepiga duara hewani ikapita juu ya vichwa vyetu." Marahaba mwanangu, nikamjibu, kwanza toa hizo washa, pili usirushe kitu chochote mpaka tuongee. Alafu nikakaa kuandika hii, maana nimechoka kulieleza jambo hili moja kwa mtu mmoja mmoja. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Wa kwanza alikuwa baba mmoja uwanjani na mwanawe wa miaka 9, wa pili rafiki yangu tena fundi wa magari, mtu wa vipimo kabisa, na wote watatu wamekuja na neno lile lile, kwamba uzito ukiwa chini kitu kinasimama.

Hakisimami. Kwa roketi uzito ukiwa chini kitu kinaanguka, na kabla hakijaanguka kinaweza kumfuata mtu.

Watu wa kwetu pwani ndo wagumu zaidi kwa hili kwa sababu mfano wanao mkononi. Mimi nimezaliwa Malindi, nimekua naona majahazi, najua kabisa chombo kitupu kisicho na farumi kinavyolala upepo ukikishika, na ukijaza mawe chini kinatulia. Mtu akishaliona hilo kwa macho yake, ukimwambia roketi ni kinyume anakuona umesoma ukapotea. Lakini angalia jahazi limekaa wapi. Limekalia maji, maji yanalisukuma juu na uzito unalivuta chini, likilala ubavu zile nguvu mbili zinapishana na huko kupishana ndo kunalirudisha. Sasa roketi ikishaacha fimbo imekalia nini? Hakuna maji chini, hakuna kamba juu. Mvuto wa dunia unaivuta pua na mkia kwa mpigo mmoja, hauizungushi hata kidogo, ni kama ukidondosha ufagio ukiwa umeinama utafika chini umeinama vile vile. Na mota nayo haisaidii, kwa sababu inasukuma kwa mstari wa mwili, mwili ukiinama na msukumo umeinama nao.

Kinachoirudisha ni upepo peke yake, ule upepo unaotokana na mwendo wake yenyewe. Roketi ikitikisika hewani inazunguka kwenye kitovu cha uzito, yaani pale unapoweza kuilaza juu ya kidole isiangukie kokote. Upepo nao unaupiga mwili mzima kwa pembeni, pua, bomba, mapezi, na ukijumlisha mapigo yote ni kama yanakutana sehemu moja, mimi naiita kitovu cha upepo. Kitovu cha upepo kikiwa nyuma ya kitovu cha uzito, pezi linasukumwa mkia unarudi kwenye mstari. Kikiwa mbele, upepo unaikamata pua na kuizidisha kugeuka. Basi, hakuna fumbo lingine hapo. Mshale nao ni hivyo, kigumba kizito mbele manyoya mepesi nyuma, sijasikia mwindaji aliyefunga chuma upande wa manyoya ili mshale usimame vizuri.

Na anayekosea hapa asijione mjinga. Mimi naishi Worcester, Massachusetts, mji aliozaliwa Robert Goddard mwaka 1882, na mji wa pili tu hapo, Auburn, ndo aliporusha roketi ya kwanza duniani ya mafuta ya kimiminika, tarehe 16 Machi 1926, kwenye shamba la jamaa yake. Ilipaa sekunde 2 na nusu, juu mita kama 12 na nusu, ikaangukia mita kama 56 pembeni. Ukiona picha yake utashangaa, mota iko juu kabisa na matangi yako chini, kwa wazo kwamba mota ikivuta kutoka juu mzigo ukining'inia chini yake chombo chote kitanyooka kama ndoo kwenye kamba. Wazo lile lile la mpwa wangu kwa sura nyingine. Ndoo inanyooka kwa sababu kamba imefungwa kwenye kitu kilichosimama, na mota ya Goddard haikufungwa kwenye kitu, ilikuwa inaruka pamoja na ndoo. Baadaye mwenyewe akaishusha mota mkiani. Kwa hiyo kosa hili lina heshima zake, ila lina miaka 100 sasa, tuliache.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniudhi kweli. Wengi mkisoma hapo mtasema mimi siweki washa, hainihusu. Unaweka rangi lakini? Unaweka fila, ule uji wa kujazia mistari ya mbao, kwenye mapezi? Basi unaweka washa, umezikwangua tu ukazipaka kwa brashi.

Nieleze kwa namba zangu mwenyewe. Baridi iliyopita nilijenga roketi ya bomba la karatasi la saizi ya BT-50, upana wa nje milimita 24.8, urefu kutoka ncha ya pua mpaka mwisho sentimita 45, mapezi matatu makubwa ya balsa, ile mbao nyepesi sana. Ikiwa tupu bila rangi gramu 38, na mota ya C6-5 ndani yake, mota ya baruti ya dukani, ambayo ni gramu 24 inakuwa 62. Kitovu cha uzito kikawa sentimita 27.5 toka puani. Kitovu cha upepo OpenRocket, programu ya kompyuta ya kupigia hesabu roketi, ikanipa 30.5. Tofauti sentimita 3, ukigawa kwa upana wa bomba unapata kaliba 1.2, na kanuni ya watu wengi ni angalau kaliba 1, yaani kitovu cha upepo kiwe nyuma kwa upana mmoja wa bomba. Safi kabisa. Alafu nikaanza kuipamba kama ninavyoona watu wakipamba, fila mara tatu kwenye mapezi mpaka mistari ya mbao ikapotea, gundi nene kwenye maungio, praima (rangi ya msingi) mara mbili, nyekundu mara tatu, klia ya kung'arisha juu yake. Nikarudisha kwenye mizani. Mkiani peke yake kulikuwa kumeongezeka gramu 9.

Gramu 9 ni nini? Ni vijiko viwili vya chai vya sukari na kidogo. Lakini zimekaa sentimita 42 toka puani, mbali na kitovu. Kitovu cha uzito kikarudi nyuma mpaka 29.3. Kitovu cha upepo hakikusogea kwa sababu umbo ni lile lile. Ile sentimita 3 ikabaki 1.2, kaliba ikashuka ikawa nusu. Roketi iliyokuwa salama kwenye meza yangu ikiwa mbaya wa sura, imekuwa hatari ikiwa nzuri, na kwa macho huoni tofauti yoyote isipokuwa kwamba inang'aa. Nikafinyanga plastisini, ule udongo wa kuchezea watoto, gramu 5 nikaishindilia ndani ya pua, sentimita 4 toka nchani, nikalaza tena kwenye kidole, kitovu kikarudi 27.7. Tano zimefuta tisa, kwa sababu ziko mbali zaidi upande wa pili. Hapo ndo ningependa kila mtu asimame dakika mbili ayafikirie, uzito peke yake haukwambii kitu, uliza umekaa wapi.

Lakini plastisini ni dawa ya ugonjwa ambao ungeweza kuukwepa, maana sasa roketi ya gramu 62 imekuwa 76 na mota ni ile ile. Ikitoka kwenye fimbo inatoka taratibu zaidi, na mapezi yanahitaji mwendo ndo yashike upepo, wengi wetu tunataka walau mita 13 kwa sekunde inapoiacha ile fimbo ya futi 3. Chini ya hapo hata kaliba 2 hazikusaidii. Kwa hiyo bora usinenepeshe mkia tangu mwanzo.

Mapezi ya balsa siku hizi sipaki fila kabisa. Nakata nyuzi za mbao zikielekea sambamba na ukingo wa mbele (ukikata vingine pezi linavunjika siku ya kwanza likigusa chini), nayashika yote matatu pamoja kwa pini nayapiga msasa yawe sawasawa, nazungushia duara kingo za mbele na kuchonga nyembamba za nyuma, alafu nayavika karatasi. Karatasi ya kawaida ya printa. Gundi nyeupe unaipaka nyembamba sana kwa kidole kwenye karatasi, sio kwenye balsa, unaliviringishia pezi kuanzia ukingo wa mbele pande zote mbili kwa mpigo, unalibana katikati ya vitabu vizito na plastiki ya kufungia chakula ili visigandane, unaacha mpaka kesho. Ukipaka upande mmoja tu leo na mwingine kesho litakunja kama ganda la muhogo juani. Asubuhi unakata masazo kwa wembe, unapitisha msasa 400 kidogo pembeni. Unapata pezi gumu zaidi, uso laini kama kadi, na uzito mdogo kuliko fila ambayo ungeipaka na kuikwangua siku tatu.

Kuunganisha pezi na bomba, gundi ya mbao ile ya njano, paka pande zote mbili, gusisha, toa, subiri ikaushe kidogo, paka nyembamba tena, bandika. Linashika lenyewe kwa sekunde chache. Supagluu wekeni pembeni, inashika haraka ndio lakini ni kavu, pezi likipiga chini linaruka kama kipande cha glasi. Gundi ya mbao ikikauka karatasi ya bomba inachanika kabla ya gundi kuachia, kwa hiyo hiyo milima ya gundi mnayomwaga kwenye kona haiongezi nguvu, inaongeza gramu pale pale zisipotakiwa. Kamstari kembamba, pitisha kidole kimoja, laza roketi ili isichuruzike, imekwisha.

Ile mistari inayozunguka bomba kama skrubu, hiyo ndo mahali pa fila. Naizimua na maji mpaka iwe kama mtindi, napaka kwenye mstari tu, ikikauka napiga msasa 220 mpaka karibu yote iondoke. Mkono wako ukiwa na vumbi jeupe na bomba limebaki na kahawia lake na uzi mweupe tu kwenye mistari, umefanya sawa. Praima nayo hivyo hivyo, puliza nyembamba, kausha, alafu irudishe kwa msasa 400 mpaka uanze kuona bomba. Kazi ya praima ni kujaza mashimo, ikishajaza iliyobaki juu ni mzigo.

Rangi: chagua kampuni moja toka praima mpaka mwisho. Nimewahi kupuliza laka juu ya enameli, rangi za aina mbili tofauti, nikidhani enameli imekauka, baada ya dakika 5 uso wote ukakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, nikalazimika kukwangua mpaka karatasi. Enameli haijakauka kwa sababu tu haikushiki kidole. Inusa, kama bado inanuka haijakauka. Na hapa kwetu majira ya joto hewa ikiwa nzito ya mvuke rangi inapata ukungu mweupe, baridi nayo inapulizika matone matone, kwa hiyo gereji yangu nimeweka kipima unyevu na siku zikiwa mbaya sipulizi. Maskin tepu, ukishaibandika puliza kwanza ile rangi ya chini ijazie ukingo, alafu ndo rangi ya pili, mstari utatoka kama umekatwa kwa wembe. Klia naweka kwenye bomba mbele, kwenye mapezi siweki.

Na kila hatua, mizani. Mizani ya jikoni ya gramu haitoshi, tafuta ile inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu, bei yake ni ya makopo mawili ya rangi. Naandika kwa penseli kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: mapezi matupu, mapezi na karatasi, baada ya gundi, baada ya praima, baada ya rangi. Mwisho natia mota kweli, parachuti kweli, karatasi za kuzuia moto kweli, nalaza kwenye uzi nione kitovu kiko wapi. Watu wengi wanapima roketi bila mota, na mota ndo kitu kizito kuliko vyote na iko mkiani! Ukipima bila mota umepima roketi nyingine.

Hapo hapo kuna kitu ambacho mpwa wangu amekiona bila kukielewa. Mota ya C6 ina baruti kama gramu 11 hivi, na inavyoungua mkia unakuwa mwepesi, kitovu cha uzito kinasogea mbele, roketi inazidi kutulia. Ndo maana roketi mbovu inapiga duara mara moja au mbili karibu na fimbo, alafu ghafla inanyooka. Inanyooka ikiwa imeelekea wapi? Kokote. Juu, pembeni, kwa watoto walioshika simu wanarekodi. Hilo ndo limepita juu ya vichwa vyao, na ndo maana nilimwandikia kwa ukali. Kanuni za usalama za NAR, chama cha warusha roketi wa Marekani cha tangu 1957, zinataka ukae umbali wa futi 15 kwa mota za ukubwa wa D kushuka, na pua, mwili na mapezi viwe vya vitu vyepesi visivyo chuma. Nilikuwa nikizisoma kama karatasi za ofisini. Siku hizi nazisoma kama zimeandikwa na mtu aliyeona kitu kikinyookea watu.

Kuna sehemu nina mashaka nayo na nitayasema, maana vitabu haviyagusi. Hiyo kaliba 1 mimi naitumia lakini siiamini kila mahali. Hesabu zake zimetokana na kazi ya mhandisi James Barrowman, aliyoileta kwa warushaji mwaka 1966, na zinachukulia roketi nyembamba iliyoinama kidogo tu. Roketi fupi nene zinapewa namba za kutisha na OpenRocket lakini uwanjani zinaruka vizuri, ndefu kama mwanzi zinapewa kaliba nzuri lakini upepo wa pembeni ukizikuta taratibu zinayumba, hizo mimi nazipa zaidi. Na ukizidisha sana, kaliba 4 au 5, roketi inageukia upepo inaondoka kwenda kuufuata, utaitafuta kwenye mitaa ya watu. Na hata huo ulaini wenyewe, miaka yote nimekazana na msasa 600 nikiamini inapanda juu zaidi, sasa hivi nikiangalia daftari langu roketi zangu nyepesi zenye uso wa kawaida zimekuwa zikizishinda zile zinazong'aa. Bado napenda zing'ae. Lakini sitakwambia tena kwamba kung'aa ni mwendo.

Kama uko nyumbani Mombasa au Dodoma na mota za dukani huna, tafadhali sana usijichanganyie baruti jikoni, watu wamepoteza vidole. Chukua chupa ya plastiki ya soda, maji theluthi moja, pampu ya baiskeli, mapezi ya plastiki au boksi gumu, na donge la plastisini puani. Rusha bila plastisini kwanza ukiwa mbali, alafu rusha nayo. Somo ni lile lile na linakulowesha tu.

Kabla ya kwenda uwanjani fanya jaribio la uzi, ni la zamani na halihitaji kompyuta. Roketi kamili na mota mpya ndani, ifunge uzi kwenye kitovu cha uzito na kipande cha tepu, uzi wa mita 2 au 3, izungushe kichwani taratibu alafu ongeza. Ikitangulia pua, rusha. Ikienda ubavu au ikitangulia mkia, ongeza plastisini gramu moja moja puani mpaka itangulie pua. Kuna roketi nzuri zinakataa jaribio hili kwa sababu ya ule mzunguko, lakini sijakutana na mbaya iliyolipita.

Leo asubuhi mpwa wangu katuma picha. Ametoa washa, amepasua maungio ya mapezi na kuyavika karatasi, sehemu moja imekunjamana kidogo. Kwenye bomba amechora alama mbili za penseli, moja ameandika U, ya uzito, na nyingine, ya upepo, upana mmoja na robo nyuma yake. "Mjomba, sijapaka rangi bado, nipake?" Nimemwambia apulize nyeupe mara moja, apime, anitumie namba kabla hajagusa kopo la pili.